Jina la Dada Yangu Lililoondolewa Juu ya Mafaili

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa jaladani. Umri: miaka 61. Kazi: mwandishi wa programu za kompyuta. Makazi: chumba cha ghorofa ya tatu, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Ninaishi peke yangu.

Leo, tarehe 4 Machi, saa 3:10 asubuhi, nimefika kituoni kwa hiari yangu. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye pia ni mfanyakazi mwenzangu, yumo mahabusu hapa tangu juzi. Mkurugenzi wetu anadai kwamba aliiba programu ya kampuni, akawapa watu wa zahanati. Ushahidi wake ni maneno yaliyo juu ya kila faili: "Mali ya kampuni." Maneno hayo niliyaweka mimi.

Programu hiyo, ya kupanga foleni ya wagonjwa, iliandikwa na dada yangu nyumbani, miaka miwili kabla yeye na mimi hatujaajiriwa na kampuni. Aliiruhusu kampuni kuitumia tu. Mafaili ya JavaScript, lugha ya kompyuta aliyoitumia, yanapounganishwa kuwa vifurushi, programu-jalizi ndogo hubandika maneno machache juu ya kila kifurushi. Kompyuta huyaruka, binadamu ndiye huyasoma. Dada aliweka jina lake na mwaka. Mara ya kwanza jina halikuonekana, kwa kuwa chombo cha kubana mafaili hufuta maneno ya namna hiyo yasipoanza na alama ya mshangao. Alicheka hadi akashika mbavu. "Kaka, nimejifuta mwenyewe!" Akaongeza alama.

Alifariki tarehe 19 Juni mwaka jana. Kiti chake kingali ubavuni mwa changu. Huweka koti langu juu yake ili kisionekane kitupu.

Mnamo tarehe 2 Septemba, saa 8 mchana, mkurugenzi alisimama nyuma yangu.

"Mzee, badilisha pale juu. Ni mstari mmoja tu."

Nikamjibu kwamba pale pana jina la mtu.

"Marehemu hasomi mafaili, mzee wangu."

Nikabadilisha. Mafaili 214 yalipata maneno mapya kabla chai yangu haijapoa.

Juzi, alipokuwa akikamatwa ofisini, mpwa wangu aliniita: "Mjomba, si uwaambie!" Nikaitazama kibodi.

Jana nilikwenda kwa daktari wa meno, mteja wa kwanza wa dada, ambaye hajawahi kuweka toleo jipya. Aliniambia, "Inafanya kazi, niiguse ya nini?" Nimekabidhi flashi yenye mafaili yake. Jina la dada lipo juu, pamoja na mwaka.

Najua nitafukuzwa kazi. Nyumbani hakuna wa kumweleza.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Nimesomewa, na ni sahihi.

Sahihi ya shahidi: ....................

Maelezo ya askari: Yameandikwa nami, kurasa mbili, yamekamilika saa 4:25. Kabla ya kutia sahihi, shahidi aliomba kalamu, akaandika jina la marehemu juu ya kila ukurasa. Sikumzuia.