Kwa Nini Mama Hajaja Kumwona Bibi

Maisaka,
Babati, Manyara.
23 Novemba 2004

Mpendwa Mama Mdogo Romana,

Shikamoo. Natumaini wewe na Baba Mdogo Damasi hamjambo, na kwamba Bibi ameamka na nafuu. Je, uji anakunywa? Miguu bado imevimba? Sisi huku tu wazima, mvua zimeanza, nami nimemaliza mitihani ya kidato cha nne. Niko nyumbani tu, nasubiri matokeo.

Katika barua yako ulisema moyo wa Mama umekuwa jiwe, maana Bibi anamwita naye haji. Baba ndiye aliyeifungua, akaisoma mezani kwa sauti, akaikunja. Naomba nikueleze kwa maandishi, kwa sababu kwa mdomo nisingeweza hata kama ungekuwa hapa.

Kwetu chakula hakipakuliwi mpaka rozari iishe. Mwishoni Baba hutoa nia za maombi, sisi tunaitikia. Unajua yeye ni mwenyekiti wa jumuiya, na anasali vizuri sana. Hagombi na Mama wala hajawahi kumpiga. Lakini akiwa na neno naye, halisemi mchana, hulingojea rozari. "Tumwombee mama wa nyumba hii, ajue kuivisha maharage." "Tumwombee aache kucheka na wenye maduka." Na sisi watoto, pamoja na Mama mwenyewe, tunajibu: Ee Bwana, twakuomba utusikie. Mdogo wangu Kindness huitikia kwa sauti kubwa, kwa kuwa anapenda kusifiwa.

Mama alipoomba ruhusa ya kuja huko, Baba aliingojea rozari. Jioni akasali, "Tumwombee mke aliyesahau kwamba aliwaacha baba na mama yake mbele ya altare." Tukaitikia.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilisali kwetu. Unanijua, mbele za watu sauti hunikauka. Lakini ulipofika wakati wa nia nilifumba macho nikasema, "Tumwombee Bibi yetu aliye mgonjwa Tabora, na Baba apate moyo wa kumruhusu Mama akamwone."

Nyumba nzima iliitikia. Mzee Leonsi, katibu wetu, akacheka: "Mwenyekiti, kumbe huyu binti si bubu! Haya, Mungu amesikia na sisi tumesikia."

Baba akatabasamu. "Mama Devotha ataondoka Jumatatu," akasema. Akina mama wakapiga vigelegele.

Mama alifunga mzigo siku ileile: khanga mbili, dawa ya kuchua, na mchele wa Magugu ambao Bibi anaupenda. Alikuwa anaimba.

Jumapili, baada ya rozari, Baba alitoa nia moja tu. "Tumwombee Mama Devotha achague vema. Akiondoka kesho, aondoke na huyu binti aliyeniaibisha mbele ya watu, na wasirudi. Kindness atabaki na mimi."

Nilingoja Mama aseme neno. Aliitikia. Aliitikia wa kwanza, kwa sauti kubwa kuliko ya Kindness.

Jumatatu, basi lilipokuwa limeshaondoka, aliupika ule mchele. Baba aliusifu, akaongezewa. Nilipomfuata Mama jikoni aliniuliza, "Nani alikutuma uniombee?" Tangu hapo hajanisemesha.

Basi, Mama Mdogo, Bibi mwambie lolote utakaloona linafaa, ila usimwambie kwamba Mama ana moyo wa jiwe. Barua hii ataiposti rafiki yangu Rahma. Ukijibu, tumia sanduku la posta la duka la baba yake, Mzee Halidi. Ukituma kwetu itasomwa mezani.

Nisalimie Baba Mdogo, na mwanenu Eliya, na Bibi umshikie mkono kwa niaba ya Mama. Mungu amjalie usingizi usio na maumivu. Najua mnatukumbuka katika sala. Ila mkituombea huko, nakusihi, msimtaje mtu jina.

Ni mimi mwanao, nikupendaye sana,
Devotha