Nimelegeza Paipu ya Breki ya Gari la Mume Wangu

Mama Mshauri mpendwa, naomba unishike mkono, mwenzio nimefika ukingoni na sina wa kumwambia, maana nikimwambia jirani itakuwa habari ya mtaa mzima na nikimwambia mama mkwe itakuwa vita.

Mume wangu ni mchomeleaji, anatengeneza mageti na madirisha, na tuna gari la kupanda milima, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, kuukuu lakini lina nguvu, ambalo yeye na mdogo wake walikuwa wakipelekea mbao na mizigo ya watu kule juu ambako magari mengine hayafiki. Nyuma lilikuwa na breki za ngoma, zile ambazo kila kitu kimefungiwa ndani ya chuma kama sufuria iliyofunikwa, na msimu wa mvua uliopita shemeji yangu alivuka nalo mto, maji na tope vikaingia ndani ya zile ngoma, akapanda ng'ambo salama salimini, na alipoanza kuteremka upande wa pili akakanyaga breki ikawa kama anakanyaga godoro. Akaruka. Gari likampitia juu, kisha likaenda kusimama kwenye mti, halikuvunjika hata taa.

Tangu tumzike, mume wangu hajashika kazi ya mtu. Alilivuta gari mpaka uani, akalipandisha juu ya mawe, akasema ngoma zote zitatoka na nyuma kutafungwa breki za diski kama mbele, kwa sababu diski iko wazi, maji yakiingia yanatoka. Basi akawa anashinda kwenye yadi ya magari mabovu, anarudi na diski ya gari hili na kibanio cha kuibana diski cha gari lile, vyote vina kutu, anavisugua hapo uani mpaka mikono inatoka damu, na vilipokataa kukaa akakata chuma cha kutengenezea mageti, akachomelea vishikio vyake mwenyewe kwenye ekseli. Mimi nilinyamaza, Mama, nikadhani chuma kitamtoa majonzi, na kweli kuna siku nilimsikia anapiga mluzi.

Sasa amemaliza. Gari linasimama, siwezi kusema halisimami, ila linavuta upande mmoja kama punda mkaidi, na breki ya mkono haipo kabisa, kwa kuwa vile vibanio vya kuokoteza havina pa kufungia waya wake, kwa hiyo analizuia kwa jiwe. Wiki iliyopita jiwe lilichomoka. Gari likarudi nyuma polepole, likaliponda benchi ambalo mama mkwe alikuwa ametoka kuinuka kufuata kisu ndani. Mume wangu alicheka, akasema jiwe lilikuwa dogo. Hakuna mwingine aliyecheka.

Nikamwita kwa siri fundi breki wa kona ya pili, tunamwita Kikohozi kwa kuwa hasemi neno kabla ya kukohoa, akaja mume wangu akiwa yadini. Akaingia chini ya gari, akatoka anajifuta mikono, akakohoa.

"Mama, hapa kwenye kuchomelea pana ufa. Mwembamba kama uzi, lakini ni ufa."

"Si anachomelea mageti miaka yote?"

Akakohoa. "Geti likikatika linaanguka lenyewe. Hili likikatika mnaanguka nyinyi."

Na Jumamosi hii mume wangu anampeleka mama yake kaburini kwa mwanawe, ambako ni kule kule, ng'ambo ya mto na kuteremka mteremko ule ule. Mama mkwe hakumzika mwanawe, alikuwa hospitali amelazwa, na tangu hapo wimbo wake ni mmoja tu, anataka kukaa naye kidogo. Nilipomwambia mume wangu tukodi gari lingine alinitazama, akasema, "Mama kapoteza mtoto. Wewe umepoteza nini?" Nikameza mate. Maana kuna jambo tunalijua sisi wawili tu, kwamba asubuhi ile ni yeye aliyezifungua ngoma zile na kuzikaza upya, mimi nikimshikia sahani ya nati, na ndugu yake akaondoka na gari akiamini liko sawa. Kikohozi anasema ngoma ikinywa maji hushindwa hata ikazwe na nani, lakini mume wangu hajamuuliza Kikohozi, wala mtu yeyote. Nikimwambia breki hizi ni mbaya, atasikia kwamba hata zile ziliharibiwa na yeye.

Kwa hiyo leo, Mama, alipoingia kuoga, nimechukua spana nikalegeza nati ya paipu ya breki nyuma, ili mafuta yamwagike, ayaone, safari ivunjike bila maneno. Nimefanya vizuri? Nimeweka namba yangu hapa chini.

Mimi, mke wa mchomeleaji.

*

JIBU

Mke wa mchomeleaji, wasomaji wenzako wajue kwamba barua yako sikuijibu kwa kalamu. Aliyeileta ni dereva wa bodaboda, niliisoma nimesimama mlangoni, na nilipofika kwenye spana nilikupigia kabla sijaketi. Hata salamu sikukupa, nisamehe. Nilikuuliza gari liko wapi, ukasema uani, mume wako yuko karibu nalo, anapakia jembe la kupalilia kaburi.

Nilikukaripia, na nakukaripia tena hapa mbele za watu. Unamwogopa mtu kumwambia neno, lakini huogopi kumtolea breki? Mafuta yale yangemwagikia kwenye vumbi asiyaone. Angeongeza mengine kidogo akaondoka. Ulitaka kumwokoa mama mkwe, na ungemzika kwa mkono wako. Uoga ukishika spana, dada yangu, ni mbaya kuliko breki mbovu.

Nikakwambia, "Nenda sasa hivi. Usikate simu."

Nikasikia malapa yako, nikasikia kuku. Kisha ukasema, "Baba watoto, usiliwashe. Nimelegeza paipu ya breki."

Akauliza, "Kwa nini?"

"Shemeji nimeshamzika. Sitaki kukuzika wewe na mama."

Akasema kwa sauti ambayo sikuitarajia kwa mtu mzima, "Ni mimi niliyezikaza zile ngoma."

"Najua. Nilikushikia nati."

Hapo nikakata simu, maana yaliyofuata hayakuwa yangu.

Jumapili ulinipigia. Kikohozi aliitwa, mara hii mchana kweupe na mwenye gari akiwepo, akaonyesha ule ufa, mume wako akaugusa kwa kucha yake, akaenda kukaa mbali. Mlikodi gari. Mtoni mume wako aliomba kushuka, akavuka kwa miguu, maji mapajani, akateremka mteremko wote peke yake huku nyinyi mkimsubiri chini. Mama mkwe alikaa na mwanawe mpaka jua lilipogeuka. Mume wako alipalilia. Sasa unauliza kama umwambie wewe mama mkwe lile la ngoma, kwa kuwa yeye ameshindwa.

Hapana. Utakaa naye akilisema, lakini mdomo uwe wake. Atamwambia mama yake wakiwa nyumbani, wameketi, kabla mtu mwingine hajamfikishia, kwa kuwa siri ya watu wawili katika nyumba moja haizeeki. Sikudanganyi kwamba mama atamkumbatia. Huenda atampiga, huenda ataacha kula chakula cha nyumba hiyo kwa muda. Msimkimbilie na maneno ya Kikohozi siku hiyo hiyo, kwamba maji ndiyo yaliyoua. Huenda ni kweli, lakini mwacheni kwanza amlilie mwanawe aliye hai.

Gari lisiguse barabara. Vishikio vile vikatwe vyote, na kama diski bado anazitaka, zifungwe na mtu wa breki, kwa vipuri vinavyolingana kulia na kushoto, na breki ya mkono iwepo. Pasipo na breki ya mkono, hakuna gari. Mume wako asishike hata spana moja ya kazi hiyo. Si adhabu. Mtu hajishoni jeraha lake mwenyewe. Arudi kwenye mageti ya watu, hata moja kwa wiki.

Na wewe, ile "wewe umepoteza nini" usiimeze. Ulimpoteza shemeji, na ni muda sasa unaishi na mume asiyekuwepo. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Nawe umtazame. Ukimwona hali, halali, anashinda amekaa kwenye usukani wa gari lisilokwenda popote, usimwache peke yake, mpeleke hospitali, na usiniandikie barua. Barua inachelewa. Piga simu.