Wa Kutangulizwa

3 Februari

Mama, shikamoo. Mguu umeacha kuvimba? Mimi mzima, mikono tu inachubuka kwa sabuni ya shuka za hoteli.

Nimeanza darasa la Kiingereza baada ya kazi. Mwalimu anasema kwa Kiingereza ukijitaja pamoja na mwenzako, umtangulize yeye, wewe ukae nyuma. Ukianza na "mimi," unaonekana huna adabu. Kisha akatuagiza tuandike tulivyoshinda Jumapili, sisi na watu wetu. Wenzangu wakainama kuandika. Mama, mimi sina wa kumtanguliza. Basi nikakuandika wewe: mama na mimi tulikwenda sokoni. Nikapata vema. Samahani kwa kukusafirisha bila nauli.

Mwanao, kitinda mimba

20 Februari

Marahaba mwanangu. Mguu haujambo, cherehani ndiyo inanifanyia vituko. Adabu gani hiyo, kumweka mama mbele halafu asionje hata nyanya? Tulinunua nini huko sokoni? Wewe nitaje tu, mama.

Mama yako

11 Machi

Mama, shikamoo. Darasani sasa wanakujua. Umepanda treni, umenyeshewa, umenichagulia viatu.

Juzi dada mmoja mpiga pasi wa pale kazini alinikaribisha kwake Jumapili. Nikamwambia siwezi, mama yangu amekuja. Jumapili nikala mkate peke yangu, nimeketi kitandani.

Mwanao

28 Machi

Marahaba. Nimekasirika. Nimekuja wapi, na niko hapa nashona sare za watu? Nimechoka kutembezwa. Usinitaje tena darasani. Nenda kwa huyo dada, na usiniandikie mpaka umekaa kwake ukala ukashiba.

Mama yako

2 Juni

Mama, shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Nilikwenda. Dada mpiga pasi na mimi tulipika wali ukaungua, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Sasa niko kwake kila Jumapili, ndiyo maana kalamu imelala.

Mwanao

19 Juni

Marahaba mwanangu. Nimefurahi, kweli nimefurahi. Msalimie sana huyo dada, mwambie apunguze moto.

Nilijua ukimya wako ni habari njema, na bado kila siku nilimuuliza tarishi. Upweke umenishika, sikufichi. Zile Jumapili ulizokuwa unaniandika, nilikuwa nafunga kazi mapema, naoga, navaa gauni zuri na kukaa kitini, maana najua huko tunatoka matembezi.

Usijali. Jumapili hii nimeshona mpaka jioni.

Mama yako