Viatu Vya Kulalia

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima, ila uvumilie huu mwandiko. Nimeshainuka mara mbili kuangalia kama jiko limezimwa. Limezimwa.

Shangazi amepata kazi ya kushona sare za shule, nyumba nzima ni nyuzi mpaka kwenye chai. Mimi napiga pasi ya umeme. Ile ya mkaa sijaigusa, na yeye hajaniambia niiguse. Paka wa jirani amezaa kwenye kapu la vitambaa. Shangazi anamwita mteja.

Umeuliza kama nalala. Nalala. Ila tangu nyumba yetu ilipoungua na mama akabaki ndani, nalala na viatu miguuni, kamba nimezifunga kabisa. Nilidhani shangazi hajui, kumbe shuka anazifua yeye! Hajanigombeza hata siku moja. Alisogeza tu cherehani yake mbali na mlango, akasema, "Hapa panabana, mtu apite bila kujikwaa."

Juzi nikamwambia nataka kujaribu kuvivua. Akajibu, "Haya," akaendelea kushona, kama vile nimemwambia naenda dukani.

Nilivivua. Sikulala vizuri, nisikudanganye. Asubuhi nikavitafuta chini ya kitanda, sikuviona. Vilikuwa mlangoni, kamba zimelegezwa, ncha za viatu zinatazama nje. Na vya shangazi vilikuwa kando ya vyangu, vimepangwa vilevile.

Mdogo wako,
niko peku hapa ninapoandika.