Sakafu ya Joto ya Bafu la Yumma

Jumapili, 10 Januari 2016
Onyango, mdogo wangu, amepiga simu asubuhi. Mama amefariki. Nilikuwa napiga pasi. Nikamaliza kupiga pasi.
Maziko ni Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 23. Wazee wanataka kifungua mimba awepo. Ndiye mimi.

Jumatatu, 11 Januari
Nimemwambia Madam, tajiri wangu huku ughaibuni. Akanikumbatia, akalia. Mimi sikulia. Kisha akasema nitaenda, ila bafu linalokarabatiwa liishe kwanza. Yumma, mama mkwe wake, hakubali kuogeshwa na mtu mwingine ila mimi, na tangu baridi ianze hataki kabisa kukanyaga vigae. Akipata joto miguuni, Madam anasema, atamkubali hata msichana wa muda. Siku hiyohiyo mumewe, mzee wa nyumba, atasaini ruhusa yangu ya kutoka nchini; bila sahihi yake sipandi ndege. Wallahi, amesema.
Sawa.

Jumatano, 13 Januari
Fundi Abdallah, mtu wa Tanga, ametandaza waya za joto kuzunguka shawa. Nyekundu, zimekunjwakunjwa juu ya wavu. Anacheka peke yake. Dada, Agosti hapa unakaanga yai barazani, halafu wenyewe wananiita nipashe sakafu!
Nikacheka pia. Nadhani nilicheka.

Alhamisi, 14 Januari
Vigae vimekaa. Vya kijivu, vizuri. Nikamuuliza Abdallah joto litawashwa lini.
Wiki tatu! akasema.
Gundi lazima ikauke yenyewe. Ukiwasha mapema vigae vinaachia, maji yanapenya chini. Na hapo, dada, hawatamtafuta mwingine, watanitafuta mimi.
Nikamwambia habari ya mama. Akasema pole. Akafuta kigae kilichokuwa safi tayari. Kesho ana kazi Al Wakrah, mji mwingine.
Madam naye kaambiwa wiki tatu. Anasema mafundi hutia chumvi. Ahadi iko palepale — joto kwanza.

Ijumaa, 15 Januari
Onyango tena. Sista, unakuja au huji? Wazee wamekaa hapa, wananitazama mimi. Nikasema nitampigia mchana.
Wanaume wako msikitini. Yumma yuko uani anaota jua, soksi mbili mbili. Nimeingia bafuni, nikabonyeza swichi. Taa ndogo imewaka. Nimemfikiria Abdallah, lakini kwa mbali, kama mtu anayetajwa redioni.
Nimevua ndala. Baridi tu. Naandika nimesimama, daftari kwenye sinki. Nimemwambia Madam fundi kasema tujaribu. Uongo. Umetoka laini, kama salamu.
Simu inatetemeka mfukoni. Onyango. Sijapokea.
Bado baridi.
Chini ya unyayo wa kushoto, kitu kama vuguvugu. Au nawaza tu. Nimesogea kigae cha pili. Hapa pia. Nawasikia koridoni — Yumma analalamika miguu, Madam anamwambia twende, mama, twende uone, na mimi bado nimesimama katikati ya vigae, peku, swichi sijaizima.