Msitu Haufagiwi

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa bustani ya ziwa kaniita ofisini. Madiwani wanakuja kukagua Jumanne ijayo. Kile kipande tulichokata mikaratusi mwaka juzi, wakikikuta kitupu, kinawekwa nyasi na mabenchi. Kwisha habari! Eti nimeacha ardhi imelala, sijapanda hata mti mmoja. Nikamwambia mkangazi mkubwa uliobaki pale utajipandia wenyewe. Akacheka hadi miwani ikamteleza. Acheke! Mbegu zimedondoka, mvua imenyesha, majani makavu yamezifunika vizuri. Sina wasiwasi mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Zimeota!

Nilipiga magoti, nikafunua majani kwa vidole — miche ya mkangazi, laini, myekundu kidogo, imejaa tele. Nimepiga vigelegele peke yangu. Kisha nikaifunika tena, jua lisije likaiunguza. Mkuu simwambii ng'o. Aje ajionee.

Nyumbani nimemsimulia mume wangu. Kaniuliza kama chai ipo. Wanaume hawa! Mama mkwe, anayeishi nasi, kashika neno moja tu: kazini kwa mkamwana kunakuja wageni.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeishiwa nguvu. Mama mkwe kaenda ziwani na wenzake wa kwaya, na mafagio. Kuniondolea aibu! Nilipofika, nusu ya kipande inang'aa kama kibaraza. Majani yote lundo moja, miche imeng'oka, imo humo humo.

"Mwanangu, palikuwa pachafu, wageni wangekusema." Anajifuta jasho, amefurahi kweli. Nililia. Mkuu naye akapita, akasifu: sasa panapendeza, Jumanne asubuhi atawaleta vijana wake wamalizie.

Nikamshika mama mkono, nikampeleka upande usiofagiwa, nikafunua majani. Akatazama. Akageuka, akalitazama lundo lake.

"Na ile niliyoifagia mimi?"

Nikaokota mche mmoja lundoni, nikamwekea kiganjani.

Jumapili, 10 Machi

Tumerudisha majani — mimi, mama na toroli la jirani. Waliokuja kukimbia wakasimama kutucheka: bibi anamwaga takataka msituni! Mama akawauliza kama mama zao waliwalaza bila shuka. Wakaendelea kukimbia. Nimecheka hadi mbavu zinauma.

Radhi hajaniomba. Ila chai ya leo kaipika yeye, na kikombe cha kwanza kanipa mimi. Nusu iliyobaki inatosha. Inatosha kabisa! Shida ni hao vijana na mafagio yao; mkuu nikimwambia ya miche atacheka tu.

Jumanne, 12 Machi

Naandika nimeegemea mkangazi. Mkuu kaleta vijana kabla ya wageni, kama alivyoahidi. Wakamkuta mama katikati ya njia, juu ya kigoda, fagio magotini.

"Tupishe, bibi."

"Hapa nilishafagia mimi, wajukuu zangu, na nimekoma."

Vijana hoi kwa kicheko, hakuna aliyesogea. Mkuu akambembeleza, mama huyu mama yule, shingo imemvimba. Mara gari la madiwani hilo! Nikatoka mbio nikajieleze. Wapi! Mama kanitangulia. Kamshika mkono diwani mnene mwenye suti, kamwambia avue viatu, hapa kuna watoto wamelala.

Avue viatu! Mkuu kafunika uso kwa kofia.

Diwani akanitazama mimi. Nikamwambia, ndiyo, mheshimiwa, vua.

Ameketi kwenye kigoda cha mama. Anafungua kamba za viatu.