Nyumba Zisizokuwa Kwenye Ramani

Kansanga, Kampala
15 Februari 1976

Kwa Baba mkwe, Mzee Saverio,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa wote hapo nyumbani Gulu. Natumaini mko wazima. Sisi tu wazima. Mjukuu wenu Acayo alikuwa na kikohozi, sasa amepona na kelele zake zimerudi.

Mimi ni Kavugho, mke wa Onen. Hujawahi kupata barua yangu, na najua hukupendezwa aliponioa mimi mtu wa Butembo, Kongo, tena bila watu wangu kufika kwenu. Onen alihamishiwa polisi ya Moroto mwaka jana, ndiyo maana naandika mwenyewe. Naandika Kiswahili kwa sababu Kiacholi changu kinaishia kwenye salamu, na Onen aliniambia wewe ulijifunza Kiswahili jeshini zamani za Waingereza, kisha ukawa mshika mnyororo wa wapima ardhi.

Shida yetu ni hii. Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja wa ofisi ya mipango ya mji, anaitwa Obwona, kijana mpole. Alitandaza ramani kwenye meza ya hoteli yangu, hapa ninapouza chai na mandazi karibu na njia ya Ggaba. Baba, bonde letu lote limepakwa kijani na kuandikwa kinamasi. Hakuna hata nyumba moja, na sisi ni kaya sitini na tatu. Nikamwuliza, "Sasa sisi tuko wapi?" Akajibu, "Kwenye karatasi hampo, mama."

Tangu ile amri kwamba ardhi yote ni ya serikali, mahali panapoonekana patupu anaweza kupewa yeyote mwenye cheo akipaomba. Ofisi yake haina wapimaji wala petroli. Lakini alisema tukileta mpango wetu wenyewe wa matumizi ya ardhi, wa bonde zima, atautetea kwenye kikao cha mipango.

Hatujui pa kuanzia. Tafadhali tuelekeze.

Mke wa mwanao,
Kavugho

*

Gulu
3 Machi 1976

Kavugho, mke wa Onen,

Barua yako nimepata. Hatujambo, ila goti langu linanisumbua asubuhi. Kikohozi cha mtoto msikipuuze.

Mnyororo wa kupimia hamna, basi tumieni kamba ya katani. Pigeni fundo kila hatua moja ya mtu mzima, na awe mtu yule yule, siyo leo mrefu kesho mfupi. Katani ikilowa hubadilika urefu, kwa hiyo msipime siku ya mvua. Anzieni kwenye kitu kisichohama. Kama hapo barabarani kuna daraja dogo la saruji la kupitisha maji, anzieni hapo.

Kila nyumba ipimwe mwenyewe akiwapo. Kisha chemchemi, vyoo, mashamba, njia za miguu, makaburi. Waulizeni waliokaa siku nyingi maji ya mvua kubwa yaliwahi kufika wapi, mpige mstari hapo, na chini yake mtu asijenge. Chora karatasi mbili. Ya kwanza ni bonde lilivyo. Ya pili ni litakavyokuwa. Ya kwanza itawachosha miguu. Ya pili itawagombanisha.

Saverio, baba yake Onen

*

Kansanga
30 Mei 1976

Baba mkwe mpendwa,

Pole kwa goti. Mama anaendeleaje? Sisi hatujambo, tunakula, na Onen ameleta salamu kutoka Moroto.

Tulifanya kama ulivyosema. Hatua zilizopigiwa fundo ni zangu, kwa hiyo bonde zima sasa linahesabiwa kwa miguu ya Kavugho. Mchoraji wetu ni Katembo, fundi cherehani, Mkongo mwenzangu. Alisema mtu anayeweza kuchora koti kwa chaki hashindwi kuchora bonde. Mwanzoni watu walitufungia milango, wakidhani tunawaandika ili wafukuzwe. Tukaanza na nyumba yangu, wakatazama. Kufikia Pasaka walikuwa wanatuita: "Mama Acayo, mimi bado hamjanipima!"

Tuligundua vyoo viwili viko upande wa juu wa chemchemi tunayokunywa wote. Wenyewe waliona aibu, wakakubali kuhama bila maneno. Mahali pa soko tulipata, na kiwanja cha shule. Magimbi yatabaki chini kwenye unyevu, na chini ya mstari wa maji hakuna atakayejenga.

Ulisema tutagombana, na tumegombana. Bwana Obwona anasema lazima pawe na njia pana, gari la zima moto liweze kufika juu. Njia iliyonyooka inapita nyuma ya nyumba ya Rosalba, mama mmoja mzee wa jirani, na hapo amemzika mumewe na binti yake. Kwenye mkutano wengine walisema makaburi yahamishwe. Rosalba hakupiga kelele. Alisema, "Basi mtaanza kunichimba mimi," akaenda kwake. Tangu siku hiyo hanunui chai kwangu. Nusu ya watu wananiambia nipige mstari, mambo yaishe.

Nifanye nini, Baba?

Mkweo,
Kavugho

*

Gulu
16 Juni 1976

Kavugho,

Wote wazima hapa. Mama yake Onen anasema asante kwa picha ya mtoto. Ameiweka kabatini na anaitoa kila mgeni akija.

Nitakuambia jambo ambalo hata Onen halijui. Mwaka 1954 tulikuwa tunapima barabara, siku nne kabla ya Krismasi. Nilikuwa mbele na mnyororo. Mstari ukapita juu ya makaburi mawili, udongo umeshuka, majani yameota, lakini mimi nilijua ni makaburi. Mzungu akaniuliza kwa mbali, "Kuna kitu hapo?" Nikasema, "Hakuna, bwana." Nilitaka kwenda nyumbani. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama na kuni kichwani, ananitazama. Alidhani mtu aliyevaa sare kama mimi hawezi kuambiwa kitu. Barabara ile ilijengwa, na mimi kila nikipita huangalia upande wa pili.

Pindeni njia. Barabara haiumii ikipinda. Tafuta ni wapi itapita ikipinda, na mwenye mahali hapo mwombeni kwa heshima.

Na hili pia. Sikukukataa wewe. Nilimkasirikia mwanangu kwa kuoa bila kuja kunitazama usoni. Hasira hiyo ilikufikia wewe, na haikuwa yako.

Baba yako,
Saverio

*

Gulu
28 Julai 1976

Mwanangu Kavugho,

Salamu. Nimekuandikia mara mbili baada ya ile ya Juni, sijapata jibu. Tangu ule uvamizi wa uwanja wa ndege Entebbe, tunasikia mengi juu ya Kampala, na hakuna linalotulaza. Onen ametuma ujumbe kuuliza kama sisi tuna habari zako. Hatuna.

Kama uko salama, andika hata mstari mmoja. Kama mpango ule umekuletea matatizo, uache, chukua mtoto, panda basi uje. Nyumba ipo. Mama ameshatoa kitanda nje kukianika.

Baba yako,
Saverio

*

Kansanga
10 Agosti 1976

Baba yangu,

Tuko hai. Nianze na hilo ili Mama akae chini atulie. Mimi mzima, Acayo mzima. Barua hii anakuletea Ocen, rafiki wa Onen wa polisi, maana sikutaka ipite posta.

Barua yako ya Juni niliisoma nimesimama mlangoni, na kabla sijaimaliza nilikuwa nimeshaona njia ikipinda itapita wapi. Itapita jikoni kwangu. Nilikaa siku mbili bila kumwambia mtu. Siku ya tatu nikamwambia Katembo achore. Akaniuliza, "Una hakika?" Nikasema, "Chora kabla sijabadilisha mawazo." Jiko ni mabati na matofali ya udongo, nitajenga lingine. Rosalba alisikia kwa watu. Alikuja, akanunua chai, akaomba sukari zaidi, akainywa yote hapo hapo.

Ijumaa tarehe 9 Julai, Katembo na mimi tulibeba karatasi kwenda kwa Bwana Obwona. Kwenye kizuizi cha barabarani wanajeshi wakazifungua. Siku zile mtu mwenye ramani alikuwa mtu mbaya, tena sisi tunaongea Kiswahili cha Kongo. Walitupeleka kambini. Katembo alipigwa, amepoteza meno mawili. Mimi sikupigwa. Nilifungiwa na wanawake wengine siku kumi na moja, sijui Acayo anakula kwa nani. Kumbe alikuwa kwa Rosalba.

Siku ya mwisho afande mmoja aliniita. Karatasi zilikuwa mezani kwake.

"Nani amekutuma kuchora?"

"Hakuna, afande. Tunakaa pale."

Akaweka kidole. "Hii nini?"

"Choo."

"Na hii?"

"Choo."

"Na hii pia choo? Vyoo vyote hivi vya nini?"

"Sisi ni wengi, afande."

Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama anajisemea, "Jasusi gani anahesabu vyoo?" Lakini hakuniachia. Wakati huo huo mlango ukafunguliwa, akaingizwa Bwana Obwona. Hakuna aliyemkamata, Baba. Alisikia tumeshikwa, akaja kwa miguu yake, suruali imemjaa vumbi. Akasema, "Hawa mimi ndiye niliyewaambia wachore. Kama kuna kosa, ni langu." Nilifumba macho. Niliposikia afande anasema, "Chukua watu wako uende," sikuelewa, ikabidi arudie.

Karatasi walibaki nazo. Katembo alilia njiani kwa ajili ya karatasi kuliko meno. Lakini tulipofika bondeni watu walikusanyika wenyewe. Mmoja akasema, "Kutoka daraja mpaka mlangoni kwangu ni hatua mia mbili na kumi na nne." Jirani yake akataja zake. Kila mtu alizijua! Walikuwa wamezikariri kama majina ya watoto. Kwa siku sita tulichora upya bonde zima, na tarehe 30 Bwana Obwona alikuja mwenyewe kuchukua karatasi, akazificha ndani ya shati.

Sasa tunangoja. Kila gari likipunguza mwendo barabarani, natoka mlangoni kutazama.

Binti yako,
Kavugho

*

Gulu
21 Agosti 1976

Mwanangu,

Ocen amefika, nimesoma barua mbele ya watu wote wa nyumbani. Mama alicheka kwenye vyoo, akalia kwenye mengine, halafu akaniambia niisome tena kuanzia mwanzo.

Mwambie Katembo pole. Mwambie Obwona kwamba mzee mmoja wa Gulu anamvulia kofia. Juu ya jiko lako sikujua, na kama ningejua pengine ningenyamaza. Ni vizuri sikujua.

Unga na ufuta anao Ocen, ni vyenu.

Baba yako,
Saverio

*

Kansanga
19 Septemba 1976

Baba na Mama wapendwa,

Habari za siku nyingi? Unga ulifika, na Acayo ametapakaa ufuta mpaka masikioni.

Jumatano kikao kilikaa. Saa kumi jioni Bwana Obwona alishuka bondeni kwa baiskeli. Tulimwona tangu mbali na hakuna aliyethubutu kumkimbilia. Alitandaza karatasi juu ya meza yangu, akaondoa kikombe kilichokuwa njiani, na pale chini kulikuwa na mhuri na sahihi. Mpango umepita. Kaya sitini na tatu, chemchemi, soko, shule, mstari wa maji, vyote. Njia inapinda, na pembeni yake kuna visanduku viwili vidogo vimeandikwa makaburi.

Rosalba hajui kusoma. Aliomba ashikwe kidole, apelekwe pale. Alikigusa kisanduku kimoja, kisha cha pili, akaketi chini na kuomba maji ya kunywa. Katembo alianza kucheka huku ameziba mdomo kwa sababu ya meno, mwisho akaacha kuziba.

Onen amepewa likizo, atafika mwisho wa mwezi. Amesema safari hii tutakuja Gulu sisi wote watatu, akutazame usoni.

Juzi tulibomoa jiko. Watu walikuja bila kuitwa, mpaka saa nne hapakuwa na tofali lililobaki. Na jana, Baba, nililala mpaka jua likawa juu kabisa. Acayo alinitikisa, akadhani naumwa, akaenda kumwita Rosalba. Rosalba akaweka mkono kwenye paji la uso wangu, akamwambia, "Mwache mama yako. Hana homa. Anapumzika tu."

Binti yenu,
Kavugho